Jina Kwenye Kadi ya Trela

Ukumbi wa usajili wa magari ulikuwa umefurika tangu saa mbili asubuhi. Waliopata viti walikaa, waliokosa waliegemea kuta, kila mtu na kikaratasi chake cha namba mkononi na macho kwenye ubao wa taa nyekundu. Kwenye dirisha la sita alisimama mwanamke wa gauni la kijani, viatu bapa, na miwani nyembamba iliyomkaa usoni kama aliyezaliwa nayo. Karani mwenye mvi alikuwa anamrudishia karatasi zake kwa mara ya tatu.

"Anwani ya kudumu," karani alisema kwa lugha ya nchi ile, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Hosteli si anwani."

Mwanamke alikusanya karatasi na kujisemea kwa Kiswahili, "Huyu mama roho yake ya chuma kabisa."

"Chuma huyeyuka, dada. Ni kujua tu moto wa kukitia."

Aligeuka kama aliyemwagiwa maji. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, kifua kipana, shati la buluu lililojaa matundu madogo madogo.

"Umejuaje Kiswahili? Na shati hilo, limeliwa na nondo?"

"Kiswahili nimenyonya ziwani kwa mama. Na nondo ni wale wa chuma, si wa nguo. Nachomelea. Huku wote wananiita Cheche."

Mwanamke alicheka bila kutaka. Ilikuwa miezi miwili tangu afike nchi ile, na katika miezi hiyo hakuna aliyekuwa amemchekesha kwa lugha yake. Akamweleza shida yake. Yeye alikuwa mpima macho. Hospitali ilikuwa imemwajiri azunguke miji midogo ya mbali, mwezi mmoja kila mji, na huko vyumba vya kupanga havipatikani. Gari lenye ndoano ya kuvutia angepewa na hospitali. Kwa hiyo alitaka kununua trela ya kulala, kile kijumba cha magurudumu mawili chenye kitanda na jiko, na alikuja kuuliza masharti ya usajili kabla hajatoa hela yake.

"Utaishi kwenye trela peke yako?"

"Konokono anaishi peke yake na nyumba yake mgongoni. Umeshamsikia akilalamika?"

"Konokono hachunguliwi na wezi, Miwani."

Jina likamganda hapo hapo. Kufikia Jumamosi ile, Miwani na Cheche walikuwa wamepigiana simu mara kumi na moja.

Trela waliipata uani kwa mwalimu mstaafu aliyefiwa na mke. Ilikuwa nyeupe iliyofifia, ukungu wa kijani madirishani. Cheche alilala chali chini yake, akagonga vyuma kwa funguo, akabonyeza kuta kwa dole gumba. Kona ya mlangoni kidole kikazama.

"Sakafu imeoza hapa," alisema.

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Mvua ya mwaka juzi. Mke wangu alikuwa anaumwa, hatukuiangalia tena."

Miwani alipanda ndani. Alikaa kwenye kitanda chembamba, akafungua kabati, akalifunga, akatazama nje kupitia dirisha la jikoni. Alitazama mpaka Cheche akachungulia.

"Vipi?"

"Naichukua."

Wiki tatu zilizofuata trela ilikaa kwenye karakana ya Cheche. Alikata mbao zilizooza, akaweka mpya, akachomelea ndoano, akabadili nyaya za taa. Jioni Miwani alitoka mafunzoni hospitalini akapitia pale, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akimpa spana.

"Hiyo si kumi na tatu, mpenzi, ni kumi na saba."

"Kama huoni vizuri sema, nikupime."

"Ninaona vizuri sana. Ndiyo maana kazi haiendi."

Ilibaki karatasi. Mafunzo yalimbana Miwani kutwa nzima, na ofisi ile haikufunguliwa Jumamosi.

"Nipe mimi makaratasi yote," Cheche alimwambia. "Lugha yao naijua, na matusi yao pia."

Miwani alisita. Vidole vyake viliishika bahasha muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akaiachia.

Siku nne kabla ya kuanza kazi, Miwani aliivuta trela kwa gari la hospitali kwenda kukaguliwa. Mkaguzi aliwasha taa, akazima, akapima magurudumu, akatikisa ndoano. Akarudi kwenye kompyuta yake.

"Mwenye trela yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Hapana." Akamgeuzia kioo. Jina lililoandikwa pale lilikuwa refu, la mwanamume, na lilikuwa la Cheche.

Miwani alitoka nje. Alikosea kubonyeza simu mara mbili.

"Laazizi, taa zimewaka?"

"Trela ni ya nani?"

Upande wa pili mashine zilinguruma, kisha mlango ukafungwa.

"Nimekuuliza swali la maneno manne."

"Ni yako, mpenzi. Hilo ni jina tu. Ni kwa muda tu."

Akakata simu.

Laiti angesema maneno mengine yoyote! Miaka sita nyuma, baba yao alipofariki, kaka yake mkubwa alikaa sebuleni na hati ya nyumba mapajani, akamwambia, "Weka sahihi hapa dada'ngu, nyumba iwe kwa jina langu. Ni kwa muda tu." Aliweka sahihi. Leo mama yao anapanga chumba kimoja nyuma ya duka la mtu, na kaka akipigiwa simu huwa yuko njiani anaendesha gari. Miwani hakuwa amemsimulia Cheche habari hizo. Zilimuuma mno kuzitamka.

Na Cheche naye alikuwa na lake ambalo hakulisema. Karani mwenye mvi alimpa njia mbili. Ya kwanza, mwajiri aandike barua ya anwani, manispaa iigonge muhuri, siku kumi. Ya pili, trela iandikwe kwa jina la mkazi mwenye anwani, siku hiyo hiyo. Wakati ule zilibaki siku kumi na sita. Zilitosha, na kuzidi. Cheche alisimama pale dirishani, kalamu mkononi, akajiambia kwamba haraka ina faida yake. Moyoni alijua anachokifanya. Akaandika jina lake.

Siku tatu simu yake haikupokelewa. Siku ya nne alikwenda hosteli, akasimama chini ya dirisha la ghorofa ya pili. Pazia lilitikisika, halikufunguka.

Hospitali ilimpa Miwani siku kumi na mbili za kuongeza. Zikipita hana trela yenye kadi ya jina lake, nafasi anapewa mwingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama manispaa na barua ya mwajiri, muhuri baada ya muhuri. Usiku hakulala. Asubuhi moja mama yake alimpigia.

"Mwanangu, sauti imekukauka. Ni mafua au ni mwanamume?"

Akamsimulia yote. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo kijana, ulipomkamata, alikataa?"

"Hakukataa."

"Kaka yako mpaka leo anakataa. Simtetei mtu, mama. Nakwambia tu nenda kamsikilize ukiwa umemkazia macho. Si ndiyo kazi yako?"

Miwani alituma ujumbe mmoja: "Kesho ofisi ya usajili. Ni siku ya mwisho, ikipita napoteza kazi. Kuhamisha umiliki lazima tusaini wote wawili mbele ya karani. Njoo na kitambulisho."

Kesho yake ilikuwa siku ya kumi na mbili. Alifika saa tatu, akapata namba mia moja thelathini na moja. Ubao ulionyesha ishirini na sita, na ofisi ilifungwa saa nane. Alihesabu kichwani. Hata Cheche angekuja, wasingefikiwa.

"Nina hamsini na tisa," sauti ikasema pembeni yake.

Cheche alikuwa amekonda. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa mlangoni kabla milango haijafunguliwa, na bado wengi walimtangulia.

"Asante," Miwani alisema, bila kumtazama.

Walikaa viti viwili vya plastiki, mkoba katikati yao. Thelathini. Thelathini na nane. Karani mmoja akaenda kunywa chai, dirisha likafungwa, ukumbi mzima ukaguna. Arobaini na tano.

"Miwani."

"Tusaini tu, Cheche."

"Nitasaini. Lakini nisikilize kwanza."

"Utaniambia ulikuwa unanisaidia."

"Ndivyo nilivyojiambia."

Miwani akageuka. Kwa mara ya kwanza akamtazama. Hamsini na tatu.

"Kwa nini?" aliuliza. "Mimi nataka hilo tu. Karani amenieleza kuhusu ile barua. Siku zilikuwepo. Kwa nini?"

Cheche alikichungulia kikaratasi chake cha namba. Hamsini na nane.

"Tutazungumza nje. Zamu yetu inakaribia."

"Hapana. Hapa hapa."

Ubao ukalia. Hamsini na tisa. Cheche akainuka, Miwani akabaki ameketi, mikono juu ya mkoba.

"Namba yetu hiyo! Ikipita umepoteza kazi!"

"Ipite. Nimeshawahi kusaini bila kuuliza. Leo siinuki mpaka uniambie."

Cheche aliutazama ubao, akamtazama yeye.

"Niliogopa," alisema. "Ungepata kadi ungeondoka. Miji na miji. Mtu gani atamkumbuka fundi wa karakana? Nikasema, kadi ikiwa na jina langu, atanihitaji. Kila ukaguzi, kila bima, atanipigia. Nilitaka niwe na kamba ya kukushika. Ni wizi, najua. Niliujua hata kalamu ilipokuwa mkononi."

Ubao ukalia tena. Sitini.

Miwani akainuka, akamshika mkono wa shati, wakakimbia. Kwenye dirisha la sita mwanamume mnene alikuwa tayari ameweka karatasi zake.

"Namba yenu imepita," karani mwenye mvi alisema.

"Kosa ni langu, mama," Cheche alisema. "Yeye alikuwa ananidai jibu, nami nilichelewa kulitoa."

Karani aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amewaona kwenye vile viti tangu asubuhi.

"Bwana, subiri kidogo," alimwambia yule mnene. "Hawa nawajua. Leteni."

Alisoma barua, akageuza, akasoma mihuri. Akamuuliza Cheche kama anahamisha kwa hiari yake.

"Kwa hiari yangu."

Akasaini. Miwani akasaini. Mashine ikaguna, ikatema kadi, bado ina joto. Miwani alilisoma jina lake herufi kwa herufi, kama anavyowasomesha wagonjwa ile chati ya ukutani.

Nje jua lilikuwa kali. Walisimama kwenye ngazi, watu wakiwapita.

"Umenisamehe?"

"Nimepata kadi. Msamaha ni dirisha lingine."

"Foleni yake ndefu?"

"Ndefu. Na huko hakuna kuwahi namba alfajiri."

Kesho yake Miwani aliondoka peke yake.

Mji wa kwanza hakupokea simu yake. Mji wa pili alipokea, wakazungumza habari za mtungi wa gesi na upepo wa magurudumu. Cheche hakugusa habari ya msamaha, na Miwani aliliona hilo. Mji wa tatu, mvua ikigonga paa la trela, alimsimulia habari za kaka yake na nyumba ya baba. Cheche hakumkatiza hata mara moja.

"Upo?"

"Nipo. Ndiyo kwanza najua nilikanyaga wapi."

Wiki ya pili ya mji wa nne Cheche aliuliza, "Nije?"

"Barabara ni ya serikali," Miwani alijibu. Lakini siku hiyo aliosha mapazia.

Basi lilimshusha mchana. Trela ilikuwa imeegeshwa kando ya zahanati, na vikongwe sita walikaa kwenye benchi wakisubiri kupimwa macho saa tisa. Cheche akaweka begi chini. Mlango ulikuwa wazi kidogo, lakini hakuusukuma.

"Hodi."

Ndani, Miwani alikuwa amesimama katikati ya zulia, akikaza kitenge chake.

"Hodi tena!"

"Nani?"

"Ni mimi. Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Kwanza kiti."

"Na cha pili?"

Cheche akalivuta shati likae sawa. Vikongwe hawakuelewa neno hata moja, lakini wote sita walikuwa wamegeuka.

"Nakuomba unioe!" akasema kwa nguvu, kisha akajishika kichwa. "Aa, nimekosea. Mimi ndiye nikuoe. Kama utakubali. Ukikataa nitarudi na basi la saa kumi, sina la kukulaumu."

Mlango ukafunguka. Miwani alisimama kizingitini, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, machozi yakimteremka nyuma ya miwani, na mkononi simu ikiwa imewashwa.

"Rudia," alisema, akimnyooshea simu. "Mama anasema hapo mwisho hakusikia vizuri."