Mchoro Uliofumbwa Macho

Asubuhi hiyo Farhana alimimina chai nje ya kikombe. Alimimina polepole, kwa adabu, kama mtoto wa miaka saba aliyefunzwa vizuri, na chai ikatambaa mezani. Kisha akauliza mbona mapazia hayajafunguliwa.

Mapazia yalikuwa wazi. Jua lilijaa sebuleni.

Firdaus, mama yake, alichukua kitambaa akafuta. Hakushtuka. Tangu wamzike Habib, kichanga wao wa miezi minne, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Kitu pekee kilichomtoa nyumbani kwao Nateete kilikuwa kutafuta vya kale vya kupamba kuta: mikeka ya ukindu, vibuyu vya nakshi, michoro ya zamani ya rangi tupu. Mumewe Jibril, mwalimu wa madrasa, alikuwa na sharti moja: chenye uso hakiingii.

Mchoro wa mwisho aliuziwa na Lakot, mjane wa askari, kule Makindye. Ulikuwa mabaka ya kahawia na manjano, na katikati nukta mbili nyeusi. Jibril aliutazama sana, akasema nukta zile zimekaa kama macho. Basi Firdaus akazipaka kahawia, zikapotea, akautundika. Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya chai kumwagika.

Daktari alimulika macho ya Farhana, akasema ni mazima. Siku ya tatu mtoto alikwenda msalani akipapasa ukuta. Sebuleni kukaanza kunuka rangi mbichi, mchana kweupe, na kila Firdaus alipopita alisikia ukucha ukikwaruza nyuma ya mchoro, taratibu, ukinyamaza aliposimama, ukianza tena alipoinua mguu.

Akampigia simu Lakot.

"Nyabo, mama yangu, sisi ilikuwa tunaweka hiyo kitu inaangalia dirisha," Lakot alinong'ona. "Inapenda kuona watu. Wewe ulifanya nini macho yake?"

Jibril akamwita ami yake, Sheikh Abdul-Latif, aliyezoea kugombana na majini kama mtu anayegombana na wapangaji.

"Mwalimu mzima," alimtania kwa sauti ya chini, "unamfumba mtu macho, halafu unashangaa akiazima ya jirani?"

Alisoma tangu adhuhuri, na Firdaus akakwangua ile rangi kwa kisu mpaka nukta zikarudi, lakini Farhana bado alikuwa gizani, amekaa mkekani, na kinywani mwake ikatoka sauti nzito isiyo yake, ikizungumza na sheikh tu, kwa lugha ambayo Jibril hakuijua, huku harufu ya rangi ikiwakaba koo wote, hadi sheikh akafunga msahafu akafuta jasho.

"Anakubali kuyarudisha. Ila hatoki mikono mitupu. Anataka machozi yako ya Habib, Mama Farhana. Yote."

Jibril akamshika mkewe mkono, akamsihi asikubali.

"Mimi sijayaona hata moja," Firdaus akasema. "Achukue."

Farhana akapepesa macho. Akamwona baba yake, akacheka, akamkimbilia mama yake na kumshika mashavu. Firdaus alitafuta furaha mahali inapokaa, hakukuta kitu. Akamkalisha mtoto, akaanza kumsuka nywele.

Jibril aliushusha mchoro aurudishe Makindye. Ulikuwa mzito, umelowa chepechepe, na ukuta ulikuwa maji kuanzia msumarini hadi sakafuni. Akaonja kidole. Chumvi. Ndani ya kitambaa cha mchoro mtu alikuwa akilia kwa kwikwi, akimwita Habib, kwa sauti ya Firdaus.

Akageuka kumtazama mkewe. Naye alikuwa anasikia.

"Mpeleke nje," Firdaus akasema, akigawa nywele kwa kitana. "Anamsumbua mtoto."