Ukuta wa Nyuma, Mtaa wa Fullers

Siku ya Milango Wazi, kila Septemba, Mtaa wa Fullers mjini Norwich haupitiki. Wenye nyumba kongwe hufungua milango yao, na watu hupanga foleni kuchungulia majiko ya wenzao kwa kisingizio cha historia. Tamsin Larter alikuwa amesimama mlangoni pake na sinia la mikate ya mdalasini, aproni ya kijani kiunoni, nywele amezibana kwa kalamu. Ndipo alipomwona mwanamume mrefu mwenye suruali ya kodrai amepiga magoti sebuleni kwake, sikio amelibandika ukutani.

"Kaka, umepotelewa na nini?"

"Nyamaza kidogo." Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Nani alipiga lipu ya saruji hapa?"

"Marehemu shangazi yangu."

"Alikuwa na ugomvi na nyumba? Ukuta wa mbao na udongo huvishwa chokaa, bibie. Saruji inaunyima pumzi. Utaoza huku unautazama."

"Umekuja kula mkate au kunitisha?"

"Vyote," akajibu, akachukua miwili.

Huyo ndiye Dominic Utting, fundi wa lipu za chokaa na rangi za kale. Jumatatu iliyofuata alirudi na ndoo zake. Wiki tatu alibandua saruji sebuleni na kupiga chokaa tabaka kwa tabaka, na jioni akishafika kwake hakukosa kupiga simu.

"Umekula?"

"Mwokaji mikate unamuuliza kama amekula?"

"Basi nimetafuta sababu ya kusikia sauti yako. Lala salama, mpenzi."

Kufikia Novemba Tamsin alikuwa amependa, tena vibaya. Alikuwa ameacha kazi nzuri London ili nyumba hii ya urithi iwe duka lake la mikate, na mpango wote ulitegemea ukuta wa chumba cha nyuma. Ukuta huo ungevunjwa, tanuri likae. Mji ulikwisha kutoa kibali, maana kila mtu aliamini ni ukuta wa juzijuzi. Tanuri lingeletwa Ijumaa.

Jumatatu Tamsin alikwenda London kuhamisha vitu vyake vya mwisho, akamwacha Dominic abandue mbao zilizofunika ukuta wa chumba cha nyuma. Alirudi Jumatano akamkuta mkaguzi wa majengo mlangoni, mkoba kwapani.

"Tumepigiwa simu kwamba kuna mchoro wa kale ukutani," alisema mkaguzi. "Ukuta hauguswi. Bwana Utting ndiye anayezijua rangi hizi kuliko sisi. Akiandika kwamba ni mchoro wa zamani, kibali chako kinafutwa. Namngoja mpaka Ijumaa mchana."

Tamsin hakuingia hata kuutazama huo mchoro. Alisimama barabarani, akapiga simu.

"Dominic, watu wawili tu wana ufunguo wa nyumba hii."

"Tamsin, nilitaka nikuonyeshe mwenyewe, ana kwa ana, ndiyo maana—"

"Ukaona uwaonyeshe wao kwanza."

"Sikumpigia mtu yeyote. Ila sitakudanganya, ningekubembeleza mpaka upige wewe."

Akakata simu. Alikuwa analia alipoona pazia la jirani likisogea. Bi Daphne Pye, mjane wa miaka themanini, alifungua dirisha.

"Usimtukane kijana wa watu bure. Mimi ndiye niliyepiga."

"Wewe? Uliingiaje?"

"Kwa ufunguo. Kila nyumba mtaa huu huacha ufunguo wa akiba kwa jirani, mwanangu. Wa shangazi yako ninao tangu mume wangu yu hai. Niliingia kuweka kifurushi chako, nikauona. Ningenyamaza, nifie na dhambi hiyo?"

Uso ulimwaka Tamsin kwa aibu. Jioni ile alikwenda karakana kwa Dominic, akamwomba radhi, naye akamkumbatia, vumbi la chokaa likamganda kwenye koti jekundu. Ingeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini hofu ya kupoteza duka haikumwacha.

"Andika ni rangi ya juzi," alinong'ona. "Mstari mmoja tu. Kwa ajili yangu."

Dominic alimwachia taratibu.

"Ni kazi ya miaka mia nne, Tamsin."

"Nikikosa ukuta ule sina duka. Sina kazi. Nimebaki na wewe tu."

"Na nikiandika uongo, siku nikikuambia nakupenda utajuaje kama ni kweli?"

Tamsin alifunga vifungo vya koti. Aliondoka bila kuaga, na Alhamisi nzima simu haikulia.

Ijumaa kulipokucha aliingia chumba cha nyuma kwa mara ya kwanza. Ukuta mzima ulijaa matawi na ndege wekundu, wamepangwa vizuri kutoka kushoto. Kulia, mchoraji alikuwa ameishiwa nafasi. Ndege wa mwisho alisongwa kwenye boriti, mnene, hana shingo, kama mtu aliyejibana kwenye kiti kisichomtosha. Tamsin alicheka peke yake, na kicheko kikamtoa machozi. Fundi yule alikosea mahesabu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfuta. Yeye angewezaje?

Ofisi zilipofunguliwa alimpigia mkaguzi, kisha Dominic.

"Andika ukweli."

"Na tanuri?"

"Litakaa mbele, sebuleni. Bomba la moshi litapita kwenye ukuta wako."

"Ule niliopiga wiki tatu?"

"Ule ule. Nimemuuliza mkaguzi, mbele naruhusiwa. Lakini siwezi kuuvunja mimi, Dominic. Naogopa utanichukia."

"Nakuja."

Lori la tanuri lilikuwa limeziba mtaa, dereva analalamika, Bi Pye anampa chai kumpoza. Dominic aliingia na patasi na nyundo. Alipitisha kiganja juu ya chokaa ile nyeupe, iliyokuwa laini bado. Kisha akapiga. Kipande kikubwa kilidondoka miguuni pake, naye akapiga tena.

Tamsin alimtazama akiharibu kazi yake nzuri kuliko zote ili yeye apate duka.

"Utting," alisema. "Nioe."

Nyundo ilisimama. Dominic aligeuka, kope zimejaa vumbi.

"Wewe ndiye unayeniposa?"

"Ndiyo. Jibu, dereva ana haraka."

"Nakubali," akasema, akamshika mkono kwa vidole vyeupe vya chokaa. "Sasa nishikie ndoo."