Pikapu Inayokula Oili

Ebenezeri na mke wake Doris wanaishi Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji mdogo wa Kwa Sadala. Majirani huwaita Baba Aika na Mama Aika, kwa jina la binti yao. Wana ng'ombe, migomba, kahawa kidogo, na pikapu kuukuu ya dizeli. Ebenezeri anaipenda pikapu hiyo kupita kiasi. Mvua ikianza, hukimbilia kuifunika kabla ya kuanua nguo za watoto. Doris huanua peke yake, huku akinung'unika.

Kila asubuhi majirani huleta maziwa. Doris huyapima kwa jagi, huyatia kwenye madumu, halafu huyapeleka sokoni Bomang'ombe. Ndiyo, dereva ni Doris. Alipata leseni, akaanza kazi, na majirani wakamwamini.

Doris akiwa anakamua, Ebenezeri hufungua boneti. Huchomoa kijiti cha kupimia oili, hukifuta, hukirudisha, hukichomoa tena. Kisha hutikisa kichwa.

"Imepungua tena! Injini hii inakula oili."

Basi humimina oili mpaka kijiti kionyeshe imejaa. Kesho yake humimina tena.

Lakini pikapu haikupata nafuu. Ilianza kutoa moshi wa bluu. Halafu ukaja mlio, tak-tak-tak, hasa injini ikishapata moto. Ebenezeri alikosa raha kabisa. Asubuhi moja alimgeukia mkewe mbele ya watu wote walioshika ndoo za maziwa.

"Wewe ndiye unayeiua gari hii! Unakanyaga mafuta kama unafukuzwa. Tangu ushike usukani, gari imeanza kuugua. Lete funguo!"

"Baba Aika, tungeongea ndani," Doris alisema.

"Tuongee hapa hapa! Lete funguo!"

Majirani walitazama chini. Bibi Elisifa, mzee kuliko wote, alikohoa tu. Doris alitoa funguo, akaingia jikoni. Alitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo Ebenezeri aliendesha mwenyewe, na Doris hakugusa usukani tena. Pesa yake ya maziwa, uhuru wake, heshima yake kwa majirani, vyote vilikuwa kwenye funguo zile.

Basi akafariki Mzee Amon, jirani yao. Familia ilimwomba Ebenezeri abebe jeneza kwa pikapu kutoka hospitalini. Hilo ni jambo la heshima. Aliosha gari, akafunga kitambaa cheupe mbele. Na kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, akaongeza oili nyingine. Jamani!

Kutoka barabara kubwa, waombolezaji walitembea nyuma ya gari. Kwaya iliimba. Doris alikuwa mmoja wa waimbaji. Mlima ulipoanza, Ebenezeri aliweka gia nzito. Tak-tak-tak! Bomba likatema moshi wa bluu, mzito, ukawafunika watu wote. Sauti ya kwanza ilikatika kwa kikohozi. Ya pili ikafuata. Mchungaji alitoa leso. Mjane alijifunika uso kwa kitenge, na safari hii hakuwa analia, alikuwa anatafuta hewa.

Yoramu, kaka wa mjane, alikuja akagonga dirisha.

"Zima gari, ndugu yangu," alisema kwa upole. "Tutambeba wenyewe."

Wanaume walishusha jeneza, wakaliweka mabegani. Watu walipita pembeni ya pikapu, mmoja mmoja. Hakuna aliyemgombeza Ebenezeri. Heri wangemgombeza! Bibi Elisifa alipopita, alimtazama yeye, kisha akatazama usukani. Ebenezeri alielewa. Leo Doris hakuwa kwenye usukani. Leo hapakuwa na mtu wa kusingizia.

Jioni hakula. Doris alimletea mtori wa ndizi na nyama, ukapoa.

"Kesho twende kwa fundi Godlove," Doris alisema.

"Nitapita wapi? Watu wote wameona."

"Utapita barabarani kama siku zote. Kula."

Asubuhi walishuka taratibu. Gereji ya Godlove iko Kwa Sadala, kwenye uwanja tambarare. Godlove ni fundi hodari, lakini mdomo wake hauna breki.

"Haa, mangi, chifu wangu! Nasikia jana ulifukiza kwaya kama nyuki!"

Ebenezeri alitazama viatu vyake.

"Fundi, tusaidie kwanza, utani baadaye," Doris alisema.

"Haya. Moshi ni wa rangi gani?"

"Moshi ni moshi tu," Ebenezeri alijibu.

"Hapana bwana! Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi na hewa ni kidogo. Unaanza na chujio la hewa, huenda limeziba kwa vumbi. Moshi mweupe mzito, usioisha hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani. Hapo husogezi gari. Wa bluu ni oili inayoungua."

"Ni wa bluu," Doris alisema. "Na mlio unakuja injini ikipata moto. Ikiwaka asubuhi ni kimya."

"Umesikiliza vizuri, Mama Aika. Sasa tusubiri kidogo, oili yote ishuke chini."

Baadaye Godlove alichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Macho yalimtoka.

"Yesu wangu! Tazameni. Hii ni alama ya chini, hii ni ya juu. Oili ikae kati ya hizi mbili. Yenu imepanda mpaka huku! Nani anaongeza?"

Doris angeweza kusema. Badala yake aliiangalia gereji ya jirani, akasubiri. Masikio ya Ebenezeri yalipata moto.

"Mimi," alisema kwa sauti ndogo.

"Unapimia wapi?"

"Nyumbani, pale njiani tunapoegesha."

"Pale mlimani? Pua juu, matako chini?" Godlove alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi.

"Kumbe!" Doris alisema. "Ni kama ndoo ya maziwa ikiinama. Upande mmoja maziwa yanafika ukingoni, upande wa pili unaona kitako cha ndoo."

"Ndiyo hiyo! Kijiti cha gari hii kipo mbele. Ikitazama juu, oili inakimbilia nyuma. Kijiti kinakudanganya kuwa imepungua."

"Na mlio je?" Ebenezeri aliuliza.

"Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka chini ya injini vinaipiga mpaka inatoa povu. Mama Aika, povu ni maziwa?"

"Hata! Povu ni hewa. Nikimpimia mteja povu, atanirushia jagi."

"Basi povu la oili nalo halilainishi chuma. Vyuma vinagongana, tak-tak-tak. Oili iliyozidi inasukumwa kwenye njia ya hewa, inaungua. Ndiyo moshi wenu. Inapungua, kesho baba anaongeza tena. Mngeendelea, injini ingekufa. Tena injini ya dizeli ikianza kunywa oili yake inaweza kuzunguka yenyewe kwa kasi bila kukanyagwa. Unazima kwa funguo, haizimi!"

"Lakini zamani nilipima vile vile," Ebenezeri alisema.

"Zamani tuliegesha pale palipo banda jipya la ng'ombe," Doris alisema taratibu. "Pale ni tambarare."

Ebenezeri alikumbuka. Banda lilijengwa wakati ule ule Doris alipoanza kuendesha. Alimwona mke, hakuuona mteremko.

Godlove alimwaga oili yote, akaweka mpya mpaka kwenye alama. Alisafisha njia ya hewa na chujio. Akawasha. Moshi ulitoka, ukapungua, ukaisha. Walisubiri injini ipate moto. Mlio haukuja.

"Bahati yenu," Godlove alisema. "Kama oili ingekuwa sawa na moshi unaendelea, ningefungua injini niangalie ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande ikaungua. Na mkisikia mlio siku nyingine, zimeni, mpime kwanza. Oili ikipungua kweli, mlio ni huo huo."

Mchana ule Ebenezeri alichukua jembe. Alichimba pembeni ya banda, akasawazisha udongo, akapanga mawe. Pikapu ikapata mahali tambarare.

Asubuhi majirani walikuja na ndoo zao. Ebenezeri alisimama mbele yao.

"Shikamoo Bibi Elisifa. Jamani, nina neno. Gari haikuharibiwa na Mama Aika. Niliiharibu mimi. Nilipima oili mlimani, nikajaza kupita kiasi. Mke wangu nilimwonea."

"Marahaba," Bibi Elisifa alisema. "Ila siku ile ulipomgombeza tulikusikia mpaka mtoni. Leo mbona sauti imekwisha?"

Watu walicheka. Ebenezeri hakucheka. Alivuta pumzi, akasema kwa sauti kubwa, iliyofika mpaka barabarani:

"Nilimwonea mke wangu! Doris, nisamehe."

Doris aliweka jagi chini. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaunyoosha mmoja mbele ya mumewe, kiganja kikiwa wazi. Ebenezeri alimpa funguo. Kisha akainama, akaanza kupakia madumu ya maziwa.