Abiria Asiye na Tiketi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya magofu ya ngome ya Aggstein pale Leopold alipomwambia mkewe, "Burga, hebu niletee sweta. Baridi ya mto huu haina adabu."

Notburga aliinuka upesi kama aliyekuwa akingoja kutumwa. Tangu asubuhi hakuwa na raha. Abiria wenzake walikuwa sitahani wakinywa mvinyo na kuonyeshana minara ya kale. Yeye kila alipoona kitu kizuri, aligeuza uso.

Safari ile haikuwa yake na mumewe. Dada yake mkubwa, Hermine, ndiye aliyekata tiketi mbili, ili yeye na Notburga washuke mto Danubi kutoka Linz. Halafu kiharusi kikampiga. Mguu wa kushoto ukafa, ulimi ukawa mzito, akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila Jumapili aliuliza kwa shida, "Lini... tunakwenda?"

Jumapili iliyopita Notburga alimjibu, "Haipo tena, dada. Meli imeharibika."

Uongo ule hakumwambia mtu. Leopold aliamini kwamba Hermine mwenyewe ndiye aliyewapa tiketi. Na asubuhi ile, meli ilipopita chini ya madirisha ya nyumba ya wazee, Notburga alijifungia chooni.

Alishuka ngazi. Huko chini kulikuwa kimya.

Harufu ilimpokea kabla hajafungua mlango wa chumba chao. Kafuri. Ile dawa aliyokuwa akimchua nayo Hermine mguuni. Na pamoja nayo... tope la mtoni.

Akafungua.

Hapakuwa na mtu. Lakini juu ya zulia, kutoka dirishani mpaka kitandani, kulikuwa na nyayo mbichi. Wa kulia ulikuwa kamili, vidole vyote vitano. Wa kushoto haukuwa unyayo.

Ulikuwa mburuzo.

Dirisha lilikuwa limefungwa kwa komeo. Nje ni maji tu.

"Dada?" alinong'ona.

Halafu, juu ya dari... ta. Kwaruu. Ta. Kwaruu.

Notburga alipanda ngazi mbio, sweta kalisahau. Leopold alikuwa peke yake mezani. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kimelowa.

"Umemkosa," Leopold alisema. "Kaondoka sasa hivi."

"Nani?"

"Bibi mmoja. Kavaa gauni la kulalia, kajitanda kitambaa, uso kautazamisha mtoni muda wote. Maskini, nadhani akili zimemruka. Kaniuliza swali moja tu, kaenda zake."

"Swali gani, Poldi?"

Leopold alicheka. "Eti, 'Meli imeshapona?'"

Notburga aliinyakua simu yake mezani.

Akapiga kwenye nyumba ya wazee.

"Yupo, mama, usiwe na wasiwasi," muuguzi alisema. "Tangu asubuhi hataki kutoka dirishani. Lakini leo anaongea! Anataja miji. Melk. Schönbühel. Sasa hivi kasema Aggstein..." Muuguzi akasita. Sauti ikashuka. "Hivi, mama, kuna mtu wenu alikuja kumtoa nje? Maana miguu yake imejaa tope."

Meli ilipotia nanga katika mji wa Krems, Notburga alishuka. Leopold alifoka, akamwita mwendawazimu, kisha akabeba mizigo na kumfuata. Asubuhi iliyofuata Notburga alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha dada yake.

"Nilikudanganya, dada. Meli haikuharibika. Niliona haya kusafiri na wewe ukiwa hivi... watu wangetutazama. Nisamehe."

Hermine alimtazama. Kisha akasema, maneno yakitoka wazi kabisa:

"Najua. Nilipanda."

Hakusema neno la kusamehe. Tangu siku ile hajasema neno jingine lolote.

Leopold mpaka leo anashikilia kwamba yule alikuwa abiria tu, na kwamba tope ni la bustani ya wazee. Notburga habishani naye. Kila Jumapili anakwenda na beseni, anamwosha dada yake miguu. Anamwaga maji, anatia mengine. Anamwaga tena.

Tope bado linatoka. Na Hermine anamtazama kutoka juu, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.