Chupa ya Shimo la Majitaka

"Kwani kuna mtu huko ndani?" Kagendo aliuliza aliposikia sauti chini ya ardhi, lakini Kathurima, msimamizi wake, alijifanya hakusikia.

Walikuwa wamesimama kando ya shimo la majitaka, katika shamba la maua karibu na Timau ambako chuo kilimpeleka rafiki yangu Kagendo kujifunza kazi. Alitumwa kuchota majitaka ya kupimwa maabara. Kathurima akamkabidhi chupa aliyokwisha kuijaza maji safi ya mfereji wa jikoni.

"Peleka hiyo, mrembo. Kila mwaka tunapita."

"Siitwi mrembo. Na hawa wanaokunywa maji ya mto hapo chini, watoto wao wakiharisha, wao watapita lini?"

"Ati sasa wewe ndio serikali?" Akacheka, akaenda zake.

Kagendo akasukuma kifuniko cha shimo. Uvundo wa dawa na maua yaliyooza ukamjaa kinywani hadi akatema mate mara mbili. Ilikuwa mchana wa jua kali, lakini mle ndani giza totoro, na ile sauti ingali pale: glu, glu, kama mtu anayemeza. Kwa hasira, akaifungua chupa, akaiteremsha kwa kamba bila kukumbuka kuyamwaga yale maji safi.

Sauti ikanyamaza. Kamba ikavutwa. Kisha glu, glu, glu, kwa pupa.

Alipoipandisha, chupa ilikuwa tupu, na mdomo wake umepakwa mate mazito, yenye joto.

Kutoka gizani mtu akasema kwa upole, "Dada, niongezee."