Sikio la Kulia

Duka la vitabu lilifurika watu Jumamosi ile. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na wazazi walipigana vikumbo kwenye meza za madaftari huku watoto wakiwavuta nguo. Ni kule nyuma tu, kwenye rafu ya vitabu vya kompyuta, ndiko mtu alikoweza kupumua. Hapo alisimama mwanamke kijana, gauni la kijani limemkaa vizuri kiunoni, nywele amezilaza upande wa kushoto zikamfunika sikio. Alikuwa na kitabu kinene mkono huu na chembamba mkono ule, akivitazama kama anayepima nyanya.

Mtu aliyekuwa kushoto kwake alikwisha kumsemesha mara mbili, naye hana habari. Alishtuka tu mtu yule alipozunguka upande wa kulia: mwanamume mrefu, shati jeupe lililokunjwa mikono, miwani imeshuka puani.

"Ulikuwa unaniambia mimi?" mwanamke aliuliza.

"Nilikuwa naiambia rafu. Lakini rafu ina maringo."

Akacheka bila kupenda. "Samahani, kaka. Makelele."

"Nimeuliza, ni wewe unayeanza kujifunza kuandika programu au unamnunulia mtu?"

"Ni mimi. Naanza sifuri kabisa. Hiki kinene naambiwa kina kila kitu."

"Ndiyo kasoro yake. Utafika katikati hujaandika hata mstari mmoja, usinzie, mwisho ukifanye cha kuzuilia mlango."

"Na hiki? Kinaahidi wiki moja."

"Aliyejua kwa wiki moja nionyeshe nimwachie kazi yangu, mimi nikalale." Akanyoosha mkono, akashusha kitabu cha tatu chenye jalada la bluu. "Chukua hiki. Fungua mwanzo. Unaona? Hakianzi na historia. Kinakuandikisha kitu kidogo, unakiona kinafanya kazi hapo hapo. Halafu huku kuna sura nzima ya makosa, jinsi ya kusoma mashine inachokuambia inapokugomea. Watu hawaachi kwa kukosa akili, dada. Kompyuta inawaambia wamekosea mahali, wao wanasikia kwamba ni wajinga."

Mwanamke alikimbilia kurasa za mwisho. "Majibu ya mazoezi hayamo."

"Yangekuwamo ungechungulia."

"Na yasipokuwamo nimwulize nani? Mimi sina mtu." Alikirudisha, akachukua kingine chenye majibu nyuma.

"Hicho maelezo yake makavu mno."

"Nitayatilia maji."

Mwanamume alicheka hadi miwani ikaanguka mkononi. Kisha akasema polepole, "Basi chukua changu. Majibu utayapata kwangu." Akampa namba ya simu.

Mwanamke hakumwambia kwa nini alikitaka kitabu. Kwa miaka mingi alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa ya mjini. Sauti yake ndiyo iliyompokea kila anayepiga, na watu walikuja dirishani kumtazama tu, waone sauti ile ina sura gani. Kisha sikio la kushoto likaanza kuvuma, likafifia, likafa. Daktari wa masikio hakumficha: la kulia linafuata, taratibu, na dawa ya kulirudisha hana. Alimwambia dada yake peke yake. Alitaka kazi ya macho na vidole kabla kimya hakijamkuta mezani pale, na alitaka kuipata bila mtu kumwonea huruma.

Jumapili zao zilianza hivyo, katika mkahawa mmoja tulivu karibu na ofisi ambako mwanamume aliandika programu za bili za maji. Mwanamke aliwahi kufika kila mara ili achague kiti cha pembeni, ukuta uwe kushoto kwake. Mwanamume alimwita Mwanafunzi, naye akamwita Mwalimu, hadi majina hayo yakalainika yakawa ya mapenzi. Alipokwama, Mwalimu hakumpa jibu, alisukuma kompyuta mbele yake akasema, "Isomee makosa yake, mpenzi. Inakuambia mstari wa ngapi."

Neno "mpenzi" lilitoka kama limemponyoka. Wote wawili waliinama wakatazama skrini.

Ugomvi wao mdogo ulikuwa mmoja tu. "Meseji, meseji, kila siku meseji," Mwalimu alilalamika. "Mimi nimependa sauti. Kwa nini hunipigii?"

"Nashinda kwenye simu kutwa nzima, jamani. Nikitoka pale nataka kupumzika."

Haukuwa uongo wote, ndiyo maana ulimtoka kirahisi.

Mvua zilipoanza, mama yake Mwalimu alilazwa katika hospitali ya mji alikozaliwa. Mwalimu akaomba ruhusa kazini, akasafiri. Kila jioni aliandika: leo amekunywa uji, leo ameuliza habari zako, leo hajaamka vizuri. Halafu siku moja alasiri simu ya mwanamke ikaita. Alikuwa akitoka kazini, barabarani magari yanapiga honi, matone yanagonga mabati ya kituo. Alitaka kuiacha. Lakini ni yeye, naye hajapiga kwa siku nyingi. Akaibana kwenye sikio la kulia, akaziba jingine kwa mazoea.

"Mpenzi," sauti ilikuja ikikatikakatika, "mama... ametutoka."

Yeye akasikia: mama ametoka.

"Ametoka!" alipiga kelele, akicheka, machozi ya furaha yakimlenga. "Mungu mkubwa! Nilikuambia mimi! Mwambie ajiandae, nakuja tusherehekee!"

Simu ikakatika. Akadhani ni mtandao.

Alipompigia, hakupatikana. Meseji alizotuma hazikufika. Jumapili alikaa mkahawani na kitabu chake, ukuta kushoto, kiti cha mbele kitupu. Jumapili ya pili akakaa tena.

"Amejua," alimwambia dada yake. "Kuna aliyemwambia habari ya sikio. Nani anataka kuoa kiziwi?"

"Amekuambia hivyo?"

"Hajaniambia chochote."

"Basi hayo unamsemea wewe," dada yake alisema, akimshika kidevu ili amwone midomo. "Nenda kamwulize."

Hakwenda. Alijifungia na kitabu kisicho na majibu, akaandika, akakosea, akafuta. Zoezi moja lilimgomea wiki nzima, na lilipofanya kazi alijikuta anageuka kumwonyesha mtu ambaye hayupo. Hapo ndipo alipovaa viatu.

Mlinzi wa ofisi ya bili alimfahamu. Alimtazama kwa mshangao. "Dada, bado hajarudi tangu msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa mama yake. Wewe hukuwa na habari?"

Alishika nguzo. Neno lile lilimrudia lote, silabi iliyomezwa na mvua ikiwa ndani yake, na juu ya neno hilo akajisikia mwenyewe anavyocheka.

Alisafiri kesho yake kwa basi la asubuhi, kitambaa cheusi kichwani. Mlango ulifunguliwa na dada mkubwa wa Mwalimu, macho yamevimba, hakumkaribisha.

"Wewe ndiye uliyecheka."

"Ndiye mimi, dada. Pokea pole zangu, kisha niache nimwone. Akinifukuza nitaondoka."

Mwalimu alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, ndevu zimemwota, shati halijapigwa pasi. Hakusimama. Mwanamke alivuta kiti, akakiweka mbele yake ili amwone uso mzima.

"Nilisikia 'ametoka'," alisema. "Nilidhani karuhusiwa, yuko nyumbani. Ndicho nilichochekea."

"Nilisema vizuri."

"Ulisema vizuri. Mimi ndiye sisikii." Akazifunua nywele kwa mara ya kwanza mbele yake. "Hili limekufa. Na hili linafuata. Sijakuambia kwa sababu ulisema umependa sauti, nami nikaona itafika siku sitaweza hata kuisikia yako."

Mwalimu aliinama akasema kitu ambacho mwanamke hakukisikia. Akarudia, mara hii akiinua uso. "Ndiyo maana ulikaa ukutani siku zote."

"Ndiyo maana."

"Unajua nilikuchukia? Nilikuchukia tangu pale hospitali hadi kaburini. Kukuchukia kulinisaidia. Kila nilipotaka kulia nilikumbuka kicheko chako, nikakasirika, machozi yakakauka." Sauti ikamvunjika. "Sijamlilia mama yangu mpaka leo."

"Basi mlilie," alisema, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

Akalia kama mtoto, kichwa begani kwake. Dada mkubwa wa Mwalimu alitokea mlangoni, akasimama, kisha akarudi ndani akaleta kiti cha tatu.

Mambo hayakunyooka mara moja. Mwalimu alirudi mjini, na kuna siku aliingiwa na uchungu akanyamaza, mwanamke akalazimika kuuliza badala ya kubahatisha. Mwanamke alimweleza mkuu wake wa kazi ukweli wote. Hakufukuzwa, wala hakubembelezwa. Alihamishiwa chumba cha mafaili, na wengine wakapokea simu kwa sauti zao. Siku ya kwanza huko alilia chooni. Lakini kitengo cha kompyuta kilikuwa mlango wa pili, na baada ya miezi walianza kumpa vijikazi vya kuandika programu, kisha kazi kamili.

Siku moja mchana walikuwa bustanini nyuma ya hospitali, yeye akila embe, Mwalimu akilikunja na kulikunjua koti lake.

"Una nini leo?"

Mwalimu alihama benchi, akachuchumaa mbele yake, uso kwenye mwanga. "Nataka nikuoe."

Aliacha kutafuna. "Umefikiria? Itafika siku hutaweza kuniita kutoka chumba kingine."

"Nitakuja chumba ulichopo."

"Na watoto wakilia usiku?"

"Nitawasikia mimi, nikuamshe. Sikuahidi kwamba utalala."

Alicheka, kisha kicheko kikaisha. Upepo ulikuwa umetulia, barabara iko mbali, na neno lile la kuoa lilikuwa limemfikia lote, silabi kwa silabi.

"Rudia," alisema.

"Hukusikia?"

"Nimesikia." Akainamisha sikio la kulia karibu na midomo yake, akafumba macho. "Rudia, nataka kulihifadhi."