Kabla Chujio Halijaanza Kuzuia

Saa 2:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la matairi kilinuka mpira na jasho. Kobe alikwenda ukutani, akarudi mlangoni, akaenda tena. Walimpa jina hilo kwa kuwa hakuwa mtu wa haraka. Leo hakutulia.

"Rudia."

Shemeji akarudia. Alikuwa fundi wa kompyuta kwenye bohari ya dawa, na mume wa dada yake Kobe. Bohari ilikuwa na chujio jipya la barua pepe. Kwa wiki mbili lilikuwa kwenye majaribio: linaona barua ya kitapeli, linaiwekea alama, halizuii.

"Alama nazisoma mimi tu," alisema. "Saa sita mchana linaanza kuzuia. Baada ya hapo, mchongo umekufa."

Barua yao ya kitapeli aliiandika Mwalimu, katibu muhtasi wa zamani aliyeweza kuiga uandishi wa mtu yeyote. Humo, kwa jina la mkurugenzi, mtunza bohari aliamriwa ayatoe masanduku yote ya sindano ya chumba baridi, yapakiwe kwenye lori lao.

Dereva alikohoa. "Kaka, hizo si ndizo sindano anazodungwa dada yako?"

"Dada nitamwekea boksi."

"Na wengine?" Mwalimu aliuliza.

"Wengine si ndugu zangu."

Shemeji alitazama viatu vyake. Kobe alimtazama Shemeji. Muda mrefu mno.

Saa 4:30.

Mwalimu alibaki peke yake na kompyuta. Kobe na Dereva walikuwa ndani ya lori, hatua mia kutoka geti la bohari. Alituma barua. Akasimama. Akaketi. Akasimama tena.

Saa 4:36.

Jibu likaingia. "Nimepokea, Mkurugenzi. Lori liingie."

Alilisoma mara tatu. Mwezi mzima alikuwa akisoma barua za mtunza bohari ili azijue tabia zake. Mtu yule hakuwahi kutoa hata katoni tupu bila kudai namba ya hati. Hata kwa mkurugenzi. Angekuwa amekwishagomba.

Huyu hakuwa yeye. Barua haikumfikia. Shemeji alikuwa ameielekeza kwenye sanduku la barua zenye alama, analolisoma yeye tu, na sasa alikuwa akijibu mwenyewe ili waingie mtegoni.

Simu ikalia.

"Vipi?" Kobe. Nyuma yake injini ilinguruma.

"Ngoja."

"Ningoje nini? Jibu limekuja, halijaja?"

Neno moja tu lingetosha: geuzeni. Miaka minne alikuwa amekula sahani moja na hawa watu. Akawawaza wale wagonjwa ambao hawakuwa ndugu wa mtu yeyote kwenye genge hili.

"Limekuja," alisema. "Ingieni."

Alichomoa laini ya simu, akaitafuna hadi ikavunjika, akatoka kwa mlango wa uani.

Saa 4:49.

Lori liliingia. Geti likafungwa nyuma yake, haraka kuliko kawaida.

"Kaka," Dereva alisema, "hawa wapakiaji mbona wamevaa buti za askari?"

Bunduki zilitokea kila upande. Dereva aliinua mikono. Kobe aliruka chini, akakimbia hatua kumi, akapigwa ngwara. Kidevu kikagonga sakafu.

Walipomwinua amefungwa pingu, Shemeji alikuwa amesimama mlangoni pa bohari.

"Nilikushuku tangu asubuhi," Kobe alisema, damu ikimtiririka. "Ndiyo maana nikamwachia Mwalimu kompyuta. Nilijua ungejaribu kutudanganya. Yule hadanganyiki kwa maandishi."

Shemeji alikunja uso. "Na alikwambiaje?"

Askari alimsukuma Kobe, hakusogea. Alikuwa akilitazama lile geti.

"Alisema tuingie."